Ugiriki na familia: magofu, makumbusho na mpangilio wa siku tisa za Desemba

BabaZuhura

Wakuu, salaam. Tupo watano: wazazi wawili, bibi wa miaka 68 mwenye shida ya magoti, na watoto wa miaka 11 na 6. Tunatoka Dar, siku tisa Ugiriki, likizo ya shule ya Desemba. Tunachofuata ni magofu na makumbusho, fukwe hapana. Rasimu ni hii: Athens siku 3, Delphi siku 1, Olympia siku 1, Korintho na Mycenae siku 1, Krete siku 2, na siku ya kuondoka. Naomba mnikosoe bila kuoneana haya: viza, tiketi, mpangilio, na namna ya kumzuia mtoto wa miaka sita asichoshwe na mawe.

Mkalimani_Piraeus

Mkuu, rasimu hiyo itawaweka barabarani kuliko kwenye magofu. Desemba jua la Athens linazama saa 11 na dakika chache jioni, na maeneo mengi ya nje ya mji hufunga geti mapema alasiri wakati wa baridi. Olympia iko zaidi ya kilomita 300 kutoka Athens, mwendo wa saa nne hivi kwa gari, kwenda tu. Mkienda na kurudi siku hiyohiyo mtaona uwanja na jumba la makumbusho mbiombio, kisha mtoto alale kwenye kiti usiku kucha.

Krete nayo iondoeni. Meli ya usiku kutoka Piraeus hadi Heraklion ni saa nane mpaka tisa, na bahari ya Aegean ikichafuka meli zinazuiliwa bandarini. Hilo si jambo la ajabu mwezi wa Desemba. Mkikwama kisiwani siku mbili kabla ya ndege ya kurudi, safari nzima imeharibika. Knossos, kasri la kale la huko, ni pazuri, lakini panataka safari yake.

Kinachobaki kinatosha sana:

Siku ya 1 kutua na kulala. Siku ya 2 Korintho njiani, kulala Nafplio. Siku ya 3 Mycenae asubuhi, Epidaurus (penye ukumbi wa kale wa michezo ya kuigiza) baada ya hapo, kulala Nafplio tena. Siku ya 4 barabara hadi Delphi (si chini ya mwendo wa saa tatu na nusu), kulala hukohuko au Arachova. Siku ya 5 Delphi asubuhi, jioni Athens, rudisheni gari. Siku ya 6, 7 na 8 Athens kwa miguu na metro. Siku ya 9 uwanja wa ndege.

Umbali wenyewe: Athens hadi Korintho kilomita 80 hivi, hadi Mycenae 120, Mycenae hadi Nafplio kama 25, Nafplio hadi Epidaurus chini kidogo ya 30, Athens hadi Delphi kama 180.

Kitasa

Naanza na viza, maana bila hiyo mengine ni maneno tu. Mnahitaji viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya ikiwemo Ugiriki, kila mtu na fomu yake, hata yule wa miaka sita. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Aliye chini ya miaka 6 halipi. Malipo ya kituo cha kupokelea maombi, kama mtapitia huko, ni ya ziada. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasipungue siku 15. Kwa Desemba msingoje Novemba. Ombeni miadi mapema, kwa sababu siku 15 za kuamua zinahesabiwa tangu faili lipokelewe, si tangu mlipoomba miadi.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya kutoka Schengen, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari isipungue euro 30,000, ikitaja matibabu na kurudishwa nyumbani, na tarehe zake zifunike safari yote. Soma tarehe za bima mara mbili: kosa la siku moja linatosha kukurudisha nyuma.

Kinachoangusha familia nyingi ni nyaraka za watoto na mpangilio usiolingana. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto viwe na majina yaleyale yaliyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Mtoto akisafiri na mzazi mmoja, barua ya ridhaa ya yule mwingine iliyothibitishwa inatakiwa. Bibi naye aonyeshe nani anamgharamia: taarifa ya benki ya mwanawe pamoja na cheti kinachoonyesha undugu wao. Halafu hoteli. Ukiandika usiku mbili Nafplio, pawe na nafasi iliyowekwa ya usiku mbili Nafplio. Afisa anahesabu usiku mmoja mmoja.

Kama ndege inapitia Frankfurt au Amsterdam, mtakaguliwa pasipoti huko, lakini maombi yanabaki kwa Ugiriki kwa kuwa ndiko mnakokaa. Alama za vidole huchukuliwa kwa mwenye miaka 12 na zaidi, kwa hiyo wanenu wote wawili wamesalimika.

DadaMsafiri

Naongezea la gari kabla sijasahau. Leseni ya Tanzania peke yake haitoshi, beba na leseni ya kimataifa ya udereva. Huko wanaendesha upande wa kulia, na kosa la kwanza la dereva wetu hutokea kwenye mzunguko au akitoka kituo cha mafuta, si barabara kuu. Barabara kuu ya kwenda Korintho ina vituo vya kulipia. Wekeni sarafu karibu. Omba kiti cha mtoto siku ya kuweka nafasi ya gari, maana ukikiomba kaunta Desemba unaweza kuambiwa vimekwisha.

Delphi ni mlimani, na Arachova ni mji wa watu wanaokwenda kwenye theluji. Uliza matairi ya baridi au minyororo. Ikitangazwa theluji siku ya 4, geuzeni: pandeni basi la KTEL kutoka kituo cha Liosion pale Athens, mwendo wa saa tatu hivi, dereva anaijua njia.

MwlMstaafu

Mpangilio wa Mkalimani naukubali, na sababu iliyo kubwa kuliko barabara ni hii: dhahabu ya Mycenae haipo Mycenae. Ipo Athens, katika Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia, barabara ya Patission. Vivyo hivyo michoro ya ukutani ya Akrotiri, mji wa kale wa kisiwa cha Santorini, na sanamu nyingi za Epidaurus. Anayeanza na jumba hilo anamwonyesha mtoto barakoa ya dhahabu isiyo na nyumba. Anayeanza Mycenae amempitisha mtoto kwenye Lango la Simba, amesimama kwenye duara la makaburi alilochimba Heinrich Schliemann mwaka 1876, na siku nne baadaye anaiona barakoa iliyotoka kwenye lile shimo. Uso wa mtoto utakuambia tofauti.

Kwa hiyo Athens iwe mwisho.

Na mwambieni ukweli mapema: barakoa inaitwa ya Agamemnon kwa sababu Schliemann alitaka iwe ya Agamemnon, mfalme wa Mycenae katika hadithi ya vita vya Troya. Ni ya karne ya 16 KK, miaka kama 300 kabla ya wakati ambao vita vya Troya husemwa vilipiganwa.

Shangazi_Mombasa

Mwalimu, nakubaliana nawe kwa Mycenae, si kwa Delphi. Delphi mtoto wa miaka sita akipandishwa moja kwa moja Njia Takatifu ataona misingi ya mawe na mabango. Mle makumbushoni kuna Sfinksi wa Naxos, sanamu yenye kichwa cha mwanamke, mwili wa simba na mabawa, na sanamu ya shaba ya mwendesha gari la farasi, kimo chake mita 1.80, macho yake ya vito bado yamo, kope bado zipo. Aanze na vitu vyenye uso, ndipo apande.

MwlMstaafu

Shangazi, ingekuwa Mei ningekubali. Desemba asubuhi ndiyo saa ya nje, kabla geti halijafungwa na kabla wingu halijashuka kutoka mlima Parnassos. Mkianza ndani mpaka saa 5, mtapanda mkiangalia saa. Ila hoja yako ya nyuso ni ya kweli, na ina dawa: jioni ile mkilala Delphi, waonyesheni watoto picha za vitu vitatu tu, mwendesha gari, Sfinksi, na lile jiwe la kitovu cha dunia. Asubuhi wakipita mahali vilipokuwa vimesimama, wataulizia. Mchana mnaingia ndani kuvitafuta.

Shangazi_Mombasa

Hapo sawa. Basi nimalizie la bibi. Mle Delphi asipandishwe mpaka ukumbi wa michezo ya kuigiza, sembuse uwanja wa mbio ulio juu kabisa. Njia inapanda kwa mizunguko na mawe yana utelezi yakilowa. Atembee mpaka Hazina ya Waathene, jengo dogo la marumaru lililosimamishwa upya, kisha arudi taratibu na mtu mmoja hadi makumbushoni. Pale hapana mlima, na viti vipo.

Mycenae pia mpeni sehemu yake: Hazina ya Atreus, iliyo nje kidogo ya ngome, barabarani. Ni kaburi, jina lisiwachanganye. Njia ya kuingilia ina urefu wa mita 36, imenyooka, na ndani kuna kuba la mawe la mita 13 na ushei lililojengwa bila saruji. Jiwe la juu ya mlango linakadiriwa tani 120. Mwacheni mtoto apige kofi moja katikati ya kuba asikilize. Tiketi ni ileile ya ngome, msiitupe.

Kigari cha mtoto kiacheni nyumbani. Magofu yote haya ni ngazi na changarawe. Kanga ya kumfungia mgongoni akichoka inafanya kazi mahali kigari kinaposhindwa, na jioni ya baridi inakuwa shuka.

Kitasa

Epidaurus je? Watu husema ukidondosha sarafu katikati, anayekaa juu kabisa anaisikia.

MwlMstaafu

Sarafu ndiyo. Mnong'ono hapana, japo waongozaji wengi husema hivyo. Utafiti wa 2007 ulionyesha kwamba ngazi za mawe ya chokaa hupunguza sauti nzito za chini, kama mvumo wa umati na upepo, na kuziacha sauti kali zipite. Vipimo vya watafiti wa Uholanzi vya 2017 vikaonyesha kwamba mnong'ono haufiki viti vya nyuma. Anayezungumza kwa nguvu husikika. Hilo ni jaribio zuri kwa mtoto wa miaka 11: mmoja asimame kwenye jiwe la duara katikati, mwingine apande safu kumi kumi, waandike ni sauti gani inakomea wapi. Safu zote ni 55. Zile 34 za chini ndizo za mwanzo, 21 za juu ziliongezwa baadaye, na ule ukanda wa kupitia katikati ndio mpaka wenyewe. Bibi akae safu ya chini awe mwamuzi.

Neema_wa_Kwaya

Samahani kuingilia uzi. Sisi kanisani tunapanga ziara ya njia ya Mtume Paulo. Korintho kuna nini cha kuona hasa? Saa mbili zinatosha?

Mkalimani_Piraeus

Karibu dada. Saa mbili zinatosha kwa eneo na jumba lake dogo, bila ngome ya Akrokorintho iliyo mlimani. Vitu vinne. Hekalu la Apollo, nguzo saba bado zimesimama, kila moja ni jiwe zima, za karne ya 6 KK. Kisha soko la Kirumi, na katikati yake jukwaa la mawe, bema, ambapo panaelezwa Paulo alisimamishwa mbele ya liwali wa Kirumi, Galio, Matendo 18. Tatu, nje ya uzio karibu na ukumbi wa michezo, kuna sakafu yenye maandishi ya Kilatini yanayomtaja Erasto aliyeitengeneza kwa fedha zake. Wapo wanaomlinganisha na Erasto wa Warumi 16:23. Wapo wanaokataa, na herufi za jina pekee hazimalizi ubishi. Nne ni Kenkrea, bandari ambako Paulo alinyoa kichwa chake, Matendo 18:18, kilomita chache upande wa mashariki, mabaki yake mengine yamo majini.

Mkifika Delphi ulizieni maandishi ya Galio. Ni vipande vya jiwe lenye barua ya Kaisari Klaudio inayomtaja Galio, na ndiyo yanayowezesha kuweka kukaa kwa Paulo Korintho karibu na mwaka 51. Watu wa kanisa wengi hupita Delphi wakidhani hapawahusu.

Athens, mlima wa Areopago wa Matendo 17 uko chini tu ya lango la Akropolis, hauna tiketi, una bamba la shaba lenye hotuba ya Paulo kwa Kigiriki. Tumieni ngazi za chuma. Zile za mawe zimesuguliwa na miguu ya karne nyingi mpaka zinang'aa, na mvua ikinyesha ni hatari kwa mzee na kijana.

BabaZuhura

Nashukuru sana. Olympia na Krete nimezifuta. Sasa Akropolis yenyewe, hatua kwa hatua tafadhali. Tiketi naona bei tofauti tofauti mtandaoni.

DadaMsafiri

Tovuti rasmi ni hhticket.gr. Nyingine zote ni wauzaji wa kati, na baadhi wanaongeza bei kwa kitu kilekile. Tangu Aprili 2025 Akropolis ni euro 30 kwa mtu mzima, na ile tiketi ya pamoja ya maeneo kadhaa imefutwa, kwa hiyo maelezo ya zamani yanayosema nunua ya pamoja yaacheni. Kuingia bure hadi miaka 25 ni kwa raia wa Umoja wa Ulaya. Watoto wenu watahesabiwa kwa kundi jingine, bebeni pasipoti zao mlangoni. Jumapili ya kwanza ya mwezi kuanzia Novemba hadi Machi ni bure kwa wote, lakini foleni yake haimfai mwenye magoti. Tarehe 25 na 26 Desemba na 1 Januari pamefungwa.

Tiketi ina saa ya kuingia. Mnaruhusiwa dakika 15 kabla au 15 baada. Ikisomeka 08:00 ni saa 2 asubuhi kwa kuhesabu kwetu, lakini kwa saa za huko; Desemba saa ya Ugiriki iko nyuma ya Dar kwa saa moja, badilisheni simu.

Milango ni miwili. Wa kusini-mashariki uko karibu na kituo cha metro cha Akropoli, una watu wachache, mnapanda kupitia ukumbi wa michezo ya kuigiza wa Dionisio. Huo ni wa baba, mama na watoto. Lifti ya wasioweza kupanda iko upande wa kaskazini na inafikiwa kutoka mlango mkuu wa magharibi, kwa hiyo bibi na msindikizaji waende huko na wawaambie wafanyakazi mapema. Juu pana njia zilizosawazishwa. Mkipanga kukutana, semeni mbele ya hekalu la Erechtheion, kwenye sanamu za wanawake wanaobeba paa, maana ukisema tukutane Parthenon, lile hekalu kuu, jengo lina pande nne na kila upande una watu.

Raba zenye soli ya mpira. Kandambili hapana; mchuchumio umepigwa marufuku kabisa kwa sababu unatoboa marumaru. Begi kubwa haliingii. Chakula hakiingii, maji ruksa, na ya bomba Athens yananyweka.

MwlMstaafu

Pale juu msimsomee mtoto tarehe kumi. Mpeni kazi moja: atafute mstari ulionyooka kwenye Parthenon. Hautapatikana. Sakafu yake imevimba katikati, sentimita 6 hivi upande mfupi na 11 upande mrefu, nguzo zimeinama kidogo ndani, na zile za pembeni ni nene kuliko jirani zake. Atazame ngazi ya juu kutoka kona moja kuelekea nyingine, jicho likiwa usawa wa jiwe, ataona mgongo wake. Lilijengwa kuanzia 447 KK na likabaki zima kwa sehemu kubwa mpaka 1687, bomu la Wavenisi lilipoangukia baruti ya Waturuki iliyohifadhiwa ndani.

Jumba la Makumbusho ya Akropolis lina tiketi yake pekee. Desemba Ijumaa linafungwa saa 4 usiku, basi Akropolis asubuhi, mchana mpumzike hotelini, jioni muingie humo. Anzeni ghorofa ya juu. Ukumbi wake umeelekezwa sawasawa na Parthenon inayoonekana dirishani. Mikanda ya sanamu ilikuwa na urefu wa mita 160; Athens zimebaki kama 50, London, kwenye British Museum, kama 80. Yenye rangi ya asali ni asili, nyeupe kama chaki ni nakala za plasta za zile zilizochukuliwa. Mtoto wa miaka sita anaweza kuhesabu ngapi hazipo, na hesabu hiyo inaeleza madai ya Wagiriki ya kurudishiwa sanamu hizo kuliko bango lolote. Wale wenye ndugu Uingereza wanaweza kumalizia hesabu kule London. Kuna pia Akropolis ya Lego ya matofali kama 120,000. Waacheni wakae hapo.

Makumbusho ya Taifa: Jumanne hufunguliwa saa 7 mchana. Msizunguke lote. Chumba cha 4 dhahabu ya Mycenae, chumba cha 38 mashine ya Antikythera (chombo cha kale cha kukokotoa mienendo ya jua na mwezi), ghorofani michoro ya Akrotiri, halafu yule mtoto mpanda farasi wa shaba wa Artemision. Mashine ile ilitoka kwenye meli iliyozama, ina magurudumu ya shaba yenye meno, hayapungui 30, na moja lina meno 223, idadi ya miezi mwandamo katika mzunguko wa kupatwa kwa jua na mwezi. Saa moja na nusu, tokeni. Msipige picha za kuigiza mkao wa sanamu, walinzi wanakemea.

Shangazi_Mombasa

Mwalimu, watoto wa pwani hawana chao humo?

MwlMstaafu

Wanacho, ila si ndani ya kabati. Periplo ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa wafanyabiashara wa karne ya 1 BK, uliandikwa kwa Kigiriki na unataja soko la Rhapta kwenye pwani yetu, jina linalotokana na mashua zilizoshonwa. Mtoto anayejua mtepe ameshaelewa. Unataja pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa vikitoka huku. Msiutafute Athens, nakala yake ya kale iko Heidelberg. Na msiwaambie watoto kwamba pembe za ndovu za ile sanamu ya mungu Athena, aliyoitengeneza Phidias kwa ajili ya Parthenon, zilitoka kwetu. Sanamu ni ya miaka kama 500 kabla ya kitabu hicho, na ushahidi hakuna.

BabaZuhura

Mwisho kabisa: chakula cha Waislamu na swala?

Mkalimani_Piraeus

Gyros na souvlaki, usipotaja nyama, ni nguruwe. Sema kotópoulo, kuku, ila kuku si lazima awe amechinjwa kihalali, na mara nyingi bamba la kuchomea ni moja. Nafplio na Delphi tegemeeni samaki, maharage makubwa gigantes, pai ya mchicha na mayai. Athens maduka ya halali yapo mitaa ya karibu na Omonia. Msikiti rasmi wa mji ulifunguliwa Novemba 2020, eneo la Votanikos.

Na metro ya kutoka uwanja wa ndege hadi Syntagma au Monastiraki, mikoba iwe mbele. Vibaka wanapanda pamoja na wenye masanduku, na milango ikikaribia kufungwa ndipo mikono inapoingia mfukoni. Kwa watu watano wenye mizigo, ulizieni teksi kubwa. Ile ya kawaida inachukua wanne.